Sindano Thelathini na Moja

Usiku wa mnada nilikuwa chini ya mablanketi mawili,
Njombe ya Juni, maji ya ndoo yameshika ganda la barafu,
simu kifuani kama mtoto mwenye homa.
Laki nne na ishirini. Laki nne na thelathini.
Mtu nisiyemjua anapanda dau, nami napanda juu yake,
mpaka saa nane kamili kengele ikalia:
Hongera, Gaudensia, mali ni yako.
Nikacheka peke yangu gizani.
Mashine ya kufuma masweta, ya Kijapani, sindano mia mbili,
pichani zinang'aa kama meno ya bibi harusi.

Ilikuja na basi, imevikwa kiroba cha mbolea.
Kijana wa vifurushi akaitua kama debe la viazi.
Nikahesabu sindano. Nikahesabu tena.
Nikamwita Isdori wa duka la pili, naye akahesabu:
mia moja sitini na tisa.
Na pale uzi unapopita, ufa
umezibwa kwa gundi, gundi imepakwa rangi.

Nikamwandikia muuzaji kwa heshima,
kama anayebisha hodi kwenye nyumba ya msiba.
Akajibu: Dada, ilitoka hapa nzima.
Nikatuma picha. Akajibu: Picha haina tarehe.
Nikatuma nyingine, gazeti la leo pembeni,
kama mashine imetekwa.
Akajibu: Mali ya mnada hairudishwi.
Nikamwonyesha sharti lake mwenyewe, la tatu toka chini:
siku saba, mzigo ukiwa na kasoro.
Akajibu kwa kidole gumba.
Mpaka leo sijui kidole kile kilikubali nini.

Basi nikairudisha. Nauli ya mzigo elfu thelathini, yangu.
Ikalala stendi ya Mbezi siku tisa,
kila siku elfu mbili, kama mgeni wa gesti.
Anaambiwa njoo, anasema yuko safarini.
Anaambiwa njoo, anasema hakuagiza kitu.
Siku ya kumi ikapanda basi ikarudi kwangu,
ina mkwaruzo mpya.

Wenye mnada wana binti wa simu, mpole sana:
Malalamiko yako yamepokelewa, namba yako ni hii.
Ninayo. Nimeiandika ukutani kwa chaki ya kukatia vitambaa.

Shule ilitaka masweta arobaini,
kijani, mstari wa njano shingoni, kabla ya Jumatatu ya kufungua.
Tukafuma kwa mikono: mimi, Isdori asiyejua kufuma,
na mama, ambaye macho yake siku hizi yanafuma kwa kukumbuka.
Tulifikisha ishirini na sita.
Watoto kumi na wanne waliimba wimbo wa taifa
mikono kwapani.

Mwezi wa nane, usiku, nikaiona.
Picha ileile, meno yaleyale, sindano mia mbili.
Na mashine yenyewe iko hapa chini ya meza,
nimeiwekea kikapu cha vitunguu juu.
Anauza kivuli.
Kuna mtu anapanda: laki tatu na themanini. Mafinga, simu inasema.
Nikamwona, naye chini ya blanketi, naye ana shule yake.
Nikapanda. Akapanda. Nikapanda.
Samahani, nilisema kwa sauti, kama angenisikia.
Laki sita. Laki saba. Akanyamaza.
Saa nane kengele ikalia:
Hongera, Gaudensia, mali ni yako.

Asubuhi muuzaji ameandika mara tano.
Dada, unalipa lini?
Dada, dau likishafungwa hakuna kurudi nyuma.
Nje ukungu umeishika misindano mpaka kiunoni.
Nikanywa chai yote, taratibu, mpaka majani.
Nikamtumia kidole gumba.

Isdori anasema mia moja sitini na tisa
zinamtosha mtoto wa darasa la pili.
Tumejaribu jana.
Mkono mmoja umetoka mfupi.